Usiichomoe kwanza: kuitibu ruta ya nyumbani kwa amri

Intaneti ikikatika nyumbani kwa shangazi yangu, Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, ruta huchomolewa kabla sijafika. Binamu yangu huichomoa, huhesabu hadi kumi, huichomeka. Isipofaa kitu, mdogo wake naye huja akahesabu kumi zake. Nikiingia na laptopu kwapani na kumwamkia shangazi, swali langu huwa lile lile: "Mmeizima?" Na jibu lile lile: "Mara tatu mwanangu, na bado."

Kuzima na kuwasha huponya mengi, sikatai. Lakini ruta huandika logi, yaani daftari la kila kilichotokea: waya ulipokatika, nani alinyimwa anwani, kampuni ilikataa nini. Daftari hilo limo ndani ya RAM, na umeme ukikatika linafutika lote. Kila anayechomoa amechana kurasa ambazo zingemwambia ugonjwa ni upi, na kesho utarudi ukiwa vile vile.

Ninayoeleza hapa ni ya ruta zinazoendesha OpenWrt, mfumo huria wa Linux ulioanza mwaka 2004 kwa ruta za Linksys WRT54G, na jina likatokea huko. Ruta nyingi zinazogawiwa na kampuni za intaneti hazikufungulii mlango wa amri. Hizo ziache zilivyo, weka yako nyuma yake. Nyumbani kwa shangazi ndivyo tulivyofanya: faiba inaingia kwenye sanduku la kampuni, waya unatoka hapo hadi ruta yetu. Kwa nini amri na si ile kurasa ya mipangilio ya kwenye kivinjari? Kwa sababu kurasa ile ni nzuri mtandao ukiwa mzima. Mtandao ukichechemea, maandishi matupu hupita hata kwenye simu, na jibu unalinakili ukamtumia mwenzako kwa WhatsApp neno kwa neno badala ya kumwelezea rangi za taa.

Huingii kabisa

Linux na Mac zinayo tayari ssh, programu ya kuingia ndani ya ruta kwa amri, Windows 10 na 11 pia. Kwenye simu ya Android weka Termux, kisha `pkg install openssh`. Halafu:

```
ssh root@192.168.1.1
```

Ukiona nembo ya OpenWrt iliyochorwa kwa herufi, karibu ndani. Ukiona "Connection refused", kuna kifaa kwenye anwani hiyo ila hakina SSH. Mara nyingi umebisha kwenye sanduku la kampuni ukidhani ni ruta yako. Ukimya mrefu na mwishowe "Connection timed out" maana yake anwani si hiyo. Tazama kompyuta yako inatokea lango gani: `ip route` kwenye Linux, mstari unaoanza na "default"; kwenye Windows ni `ipconfig`, mstari wa "Default Gateway".

"REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED" hutisha watu, ikija na alama zake nyingi kama kengele ya moto. Kama ruta imewekwa upya majuzi, ufunguo wake umebadilika na onyo ni halali lakini si la hatari. Futa kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R 192.168.1.1`. Kama hakuna mtu aliyeigusa, usiandike neno la siri kabla ya kujua unazungumza na nani.

"no matching host key type found" huja pale laptopu ni mpya na ruta ni kikongwe. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali saini za ssh-rsa za mtindo wa SHA-1. Ingia mara hiyo moja kwa `ssh -o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa root@192.168.1.1`, kisha upange siku ya kuipandisha ruta toleo. Jamaa yake ni "sftp-server: not found" unapotaka kunakili faili: tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022, scp hutumia njia ya SFTP ambayo OpenWrt kwa kawaida haina. Ongeza `-O`, herufi kubwa, mambo yataenda.

Kabla ya kugusa chochote

```
uptime
date
logread > /tmp/logi.txt
```

Kisha, kutoka kwenye laptopu, ulichukue daftari kabla halijapotea, maana /tmp nayo ni RAM:

```
scp -O root@192.168.1.1:/tmp/logi.txt .
```

`uptime` inakuambia ruta iko macho tangu lini. Shangazi akisema hakuna aliyeigusa na ruta inasema dakika 12, basi ama kuna aliyeigusa ama stima ilipepesa. Sijamshtaki mtu bado, ila huwa namtazama binamu.

`date` ina mtego wake. Shangazi atasema ilikatika "saa moja, baada ya Magharibi". Saa ya ukutani kwake inasema 19:00, na wewe unajua kuwa ndiyo hiyo hiyo. Lakini OpenWrt ikitoka kiwandani hufuata UTC, kwa hiyo kwenye logi tukio lile limeandikwa 16:00. Nimewahi kusoma kurasa za saa moja usiku nusu saa nzima nikishangaa mbona hakuna kitu. Rekebisha mara moja kwa uci, amri ya OpenWrt ya kubadilisha mipangilio (commit ndiyo kuhifadhi):

```
uci set system.@system[0].zonename='Africa/Nairobi'
uci set system.@system[0].timezone='EAT-3'
uci commit system
service system restart
```

Hiyo alama ya kutoa si kosa. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, lakini mtindo huu wa kuandika huhesabu kinyume. Ukiandika EAT+3 utajikuta umehamia katikati ya Atlantiki.

Wi-Fi imejaa, intaneti hakuna

Hili ndilo lalamiko la kila siku. Vile vijipinde vya Wi-Fi kwenye simu vinaonyesha tu kwamba simu inaisikia ruta. Upande wa pili wa ruta hauonekani hapo. Uulize:

```
ifstatus wan | grep -E '"up"|"address"|"nexthop"'
```

Ikijibu `"up": false`, anza na waya. Tazama `dmesg | grep -i link`. Mistari mingi ya kupanda na kushuka kwa kiungo ni waya usioshika. Mji wa Kale bahari iko hatua chache, na hewa yake ya chumvi haina huruma na shaba. Siku moja nilichomoa waya wa shangazi nikaelekeza tochi ya simu kwenye kichwa chake: vile vipande vinane vya dhahabu, vitatu vimeota gamba la kijani kama senti ya zamani. Mtandao ulikuwa ukishika asubuhi na kuachia mchana. Hakuna amri inayosugua kutu. Kata kichwa, bana kipya, au nunua waya mwingine.

Taa ya LOS kwenye sanduku la faiba ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje. Funga laptopu upige simu kwa kampuni.

Ikiwa waya uko sawa lakini hakuna anwani, soma `logread | grep udhcpc`. Ukiona "broadcasting discover" (kwenye matoleo ya zamani "sending discover") ikirudiwa tena na tena, ruta inaomba anwani na haijibiwi. Hutokea sana baada ya kubadilisha ruta, kwa kuwa baadhi ya masanduku ya kampuni huikumbuka ruta ya zamani kwa namba yake ya MAC na kuikataa ngeni. Hapa ndipo kuchomoa kunafaa, lakini chomoa sanduku la kampuni, ruta iache iwake. Kwa wanaotumia PPPoE, yaani kuingia mtandaoni kwa jina na neno la siri mlilopewa na kampuni, tafuta `logread | grep pppd`. "Authentication failed" inamaanisha jina au neno la siri la akaunti si sahihi.

Sasa ule ugonjwa unaochosha mafundi wapya. Anwani ipo, kila kitu kinasema ndiyo, na bado hakuna kinachopita. Ukiangalia jibu la `ifstatus wan` unakuta anwani kama 192.168.1.7 na lango 192.168.1.1. Ngoja. Si hiyo 192.168.1.1 ndiyo anwani ya ruta yako? Ndiyo. Sanduku la kampuni na OpenWrt vyote vimetoka kiwandani na anwani moja, ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja zenye namba ile ile; mpeleka barua hajui agonge ipi. Ihamishe yako:

```
uci set network.lan.ipaddr='192.168.50.1'
uci commit network
service network restart
```

Dirisha litaganda papo hapo. Hujaharibu kitu, umehama nyumba tu. Chomoa waya wa laptopu uuchomeke upya ili upewe anwani mpya, kisha ingia kwa `ssh root@192.168.50.1`. (Kama `uci show network.lan` inaonyesha anwani ikiwa na mkwaju na namba mwishoni, kwa mfano /24, iandike vivyo hivyo.)

Anwani zikiwa safi, panda ngazi moja moja:

```
ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
nslookup wikipedia.org 127.0.0.1
nslookup wikipedia.org 1.1.1.1
```

Ya kwanza iwe lango ulilopewa na `ifstatus`. Ikikwama hapo, ni waya au sanduku. Lango likijibu na 1.1.1.1 isijibu, tatizo limevuka nyumba yako. Zote mbili zikijibu na `nslookup` ya kwanza ikikataa huku ya pili ikikubali, intaneti ni nzima, mgonjwa ni dnsmasq anayetafsiri majina ndani ya ruta. `service dnsmasq restart`, halafu `logread | grep dnsmasq` ujue alikufa kwa nini.

Kuna tahadhari moja kuhusu 1.1.1.1. Anwani hiyo haiko mahali pamoja. Hujibiwa na seva iliyo karibu nawe, na wenyewe, kampuni ya Cloudflare, wana vituo Mombasa na Nairobi. Kwa hiyo inaweza kukujibu upesi huku njia ya baharini imekatika. Sisi tunaokaa hapa tunajua: nyaya za TEAMS na SEACOM ziliingia nchini kupitia Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, watu walibadilisha ruta ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Dalili zake: tovuti za Kenya zinafunguka vizuri kwa sababu mawasiliano yake hupishana humu humu nchini, pale KIXP, lakini za ng'ambo zinajikokota. Pima na seva ambayo kweli iko mbali:

```
traceroute -n ftp.funet.fi
```

Hiyo iko Ufini, na kila mstari wa jibu ni kituo kimoja njiani na muda wake. Mistari ya mwanzo ikiwa midogo kisha namba zikaruka ghafla hadi mamia kadhaa ya milisekunde, au nyota tupu zikafuata hadi mwisho, na jana haikuwa hivyo, acha ruta ipumzike. Meli ya kuunga nyaya huiiti kwa SSH. Ndiyo maana nashauri uifanye traceroute siku mtandao ukiwa mzuri, uihifadhi, upate cha kulinganisha.

Stima imerudi, mtandao umerudi nusu

Nyumba inawaka, feni inazunguka, Wi-Fi ipo, ping ya 1.1.1.1 inajibu. Majina hayatafsiriki, au VPN ya kazini imekufa. Ukisubiri robo saa wakati mwingine inajiponya, wakati mwingine haijiponyi. Hili lilinisumbua miezi, nalieleza taratibu.

Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Zikizimika, zinasahau ni lini. OpenWrt ikiamka huangalia faili iliyobadilishwa mwisho ndani ya /etc na kuichukua tarehe yake kama "sasa", ni kama mtu anayeamka na kukisia tarehe kwa gazeti lililo mezani. Kama hujagusa mipangilio tangu Ramadhani, ruta itaamka katika Ramadhani ile. Kisha hutafuta saa sahihi mtandaoni kwa NTP na kujirekebisha.

Kufikia hapo sawa. Lakini kama umeweka DNS (kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba) iliyofichwa kwa TLS ndani ya ruta, angalia kinachotokea. Ili kupata saa, ruta inahitaji kutafsiri jina la seva ya saa. Ili kutafsiri jina, inahitaji kuthibitisha cheti cha seva ya DNS. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa ya ruta, bado hakijaanza. Cheti kinakataliwa, jina halitafsiriki, saa haipatikani. Kila mmoja anamsubiri mwenzake mlangoni.

WireGuard, aina moja ya VPN, nayo ina kisa chake. Kila inapoanza mazungumzo hutuma muhuri wa wakati, na upande wa pili hukataa muhuri ulio nyuma ya ule wa mwisho uliouona, kwa kuhofia mtu anarudia ujumbe wa zamani. Ruta iliyorudi nyuma miezi mitatu inaonekana kama mwizi huyo. Hakuna kosa linaloandikwa upande wako. Ni kimya tu.

Kuthibitisha ni sekunde mbili: `date`. Ikiwa imekosea, ihimize kwa mkono kwanza, kwa kuandika tarehe na saa ya kweli ya wakati huo:

```
date -s "2025-03-14 19:20"
service dnsmasq restart
```

Kama kila kitu kimeamka hapo hapo, umempata mhalifu. Sasa mkatie mzunguko. Mwambie dnsmasq kwamba majina ya seva za saa, na hayo peke yake, ayaulize kwa njia ya kawaida isiyohitaji cheti:

```
uci add_list dhcp.@dnsmasq[0].server='/pool.ntp.org/1.1.1.1'
uci commit dhcp
service dnsmasq restart
service sysntpd restart
```

Seva za saa za OpenWrt zote ziko chini ya pool.ntp.org, kwa hiyo mstari huo mmoja unatosha. Wengine huongeza seva ya saa kwa namba badala ya jina. Nayo hufaa, ila namba ikibadilishwa na mwenyewe hutaambiwa. Mimi nimebaki na hii ya jina.

Baada ya hapo chomoa ruta kwa makusudi (leo tu nimeruhusu), iwashe, na utazame `logread -f` ikikuandikia moja kwa moja. Utaona tarehe za mistari zikiruka kutoka zamani hadi leo katikati ya kurasa. Mruko huo ndio ulikuwa unautafuta.

Inajizima yenyewe

`uptime` ndogo kila ukiangalia na hakuna aliyechomoa. Mshuku adapta kabla ya ruta. Stima ikirudi kwa kishindo mara kadhaa, adapta huchoka. Inatoa volti 12 ruta ikiwa imetulia, kazi ikizidi inashuka na ruta inaanguka. Azima adapta nyingine yenye volti zile zile na ampea zisizopungua. Pia joto: wakati wa kaskazi ruta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma juu ya televisheni inapikika. Shangazi hakupenda niliposema hivyo.

Ugumu ni kwamba ikijizima, logi inaenda nayo. Iambie itume nakala kwa kompyuta nyingine ndani ya nyumba:

```
uci set system.@system[0].log_ip='192.168.50.20'
uci set system.@system[0].log_port='5514'
uci set system.@system[0].log_proto='udp'
uci commit system
service log restart
```

Kwenye kompyuta hiyo acha `nc -u -l 5514` ikisikiliza. Namba hiyo ndiyo vitabu vya Kiswahili huiita bandari, lakini kwa mtu wa Mombasa bandari ni Kilindini, kwa hiyo mimi husema poti. Mstari wa mwisho kabla ya kimya ndio ushahidi. Ukikuta kernel ikilalamika kuhusu kumbukumbu, yaani "Out of memory", ruta imebebeshwa programu nyingi. Ukikuta hakuna lalamiko lolote, mistari ya kawaida kisha ghafla kimya, umerudi kwa adapta.

Ukumbini inaruka, chumba cha ndani hakuna

Kuta za nyumba za zamani za Mji wa Kale ni matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kukaa ndani ya dirisha. Mawimbi ya 5 GHz hayapiti humo kirahisi, ya 2.4 GHz hujitahidi. Usikisie, pima. Jina la redio yako utalipata kwa `iwinfo` tupu. Kwenye yetu ni phy0-ap0, kwenye za zamani huwa wlan0.

```
iwinfo phy0-ap0 assoclist
```

Kila simu inaonekana na nguvu yake kwa dBm, namba hasi. Karibu na −50 ni raha. Ikifika −70 video bado inaenda. Ikipita −80 unapiga kelele ukutani. Mtume mtoto atembee na simu chumba hadi chumba huku ukirudia amri. Kwa shangazi ilikuwa −52 ukumbini na −84 kwenye chumba cha nyuma, hatua saba tu lakini kuta mbili. Hakuna mpangilio unaotoboa mawe. Tulivuta waya kupitia juu ya mlango na kuweka ruta ya pili huko.

Lakini kama nguvu ni nzuri na bado inajikokota, majirani wamejaa. `iwinfo phy0-ap0 scan` itakuonyesha nani yuko chaneli ipi. Kwa 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11 tu. Anayekaa 3 anawakera wa 1 na wa 6 kwa pamoja na yeye mwenyewe hapati.

```
uci set wireless.radio0.country='KE'
uci set wireless.radio0.channel='11'
uci set wireless.radio0.htmode='HT20'
uci commit wireless
wifi reload
```

Hakikisha kwa `uci show wireless` kwamba radio0 ndiyo ya 2.4 na si ya 5. Na kwa ile ya 5 GHz, ukiona jina la Wi-Fi linapotea dakika nzima kila ruta inapowaka, iko kwenye chaneli zinazogawana nafasi na rada, nayo inalazimika kusikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha. Chaneli 36 hadi 48 hazina kungoja huko.

Vijigonjwa vidogo

Umebadilisha kitu, kimefanya kazi, kesho hakipo: ulisahau `uci commit`. Kama hukusahau, angalia `df -h`. Ikiwa /overlay imefika 100%, ruta haina pa kuandika. Ondoa programu ulizoongeza mwenyewe, kwa `opkg remove` kwenye matoleo ya hadi 24.10 au `apk del` kwenye mapya. Zile zilizokuja na mfumo hata ukiziondoa hazirudishi nafasi.

Tovuti zingine zinafunguka, zingine zinazunguka milele, na uko kwenye PPPoE: ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. Kutoka Linux jaribu `ping -M do -s 1464 1.1.1.1`, kutoka Windows `ping -f -l 1464 1.1.1.1`. Hiyo 1464 ukiongeza 28 za vichwa unapata 1492, ndicho kipimo cha PPPoE. Ikikataliwa, shuka kumi kumi hadi ipite, ongeza 28, uweke `uci set network.wan.mtu` kwa jumla hiyo.

Simu moja ina anwani ya 192.168.0 wakati nyumba nzima ni 192.168.50: kuna mtu amechomeka ruta ya zamani kama kigawanyaji, nayo inagawa anwani zake. Itafute nyuma ya kabati.

Umejifungia nje

Itatokea. Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa network, jiwekee kamba ya kurudia:

```
cp /etc/config/network /root/network.bak
( trap '' HUP; sleep 300 && cp /root/network.bak /etc/config/network && reboot ) &
```

Una dakika tano. Ukikosea ukatupwa nje, kunywa kahawa. Ruta itarudisha faili la zamani na kuamka yenyewe. Ukifaulu, ingia uandike `killall sleep` kabla muda haujaisha. Zile alama za && ni za muhimu: kwa kuwa sleep imeuawa na haikumaliza, yanayofuata hayatendeki. Ukiweka nukta mkato badala yake, kuiua sleep kutaharakisha kile ulichotaka kukizuia. Najua kwa sababu nilifanya hivyo, shangazi akiwa katikati ya simu ya video na mwanawe aliye Muscat.

Hukuweka kamba? Kuna hali ya dharura. Ipe laptopu anwani 192.168.1.2 kwa mkono, iunge kwa waya, washa ruta, na taa ikianza kupepesa haraka bonyeza kitufe chochote cha ruta. Ingia `ssh root@192.168.1.1`, haitaki neno la siri. Andika `mount_root`, ndipo mafaili yako yaonekane, urekebishe kwa `vi /etc/config/network`: herufi i kuanza kuandika, Esc kisha :wq kuhifadhi. Ikishindikana hata hapo, `firstboot && reboot` hufuta kila ulichoweka.

Ndiyo maana siku mambo yakiwa mazuri ninafanya hivi:

```
sysupgrade -b /tmp/nakala.tar.gz
```

kisha naivuta kwa scp -O. Kuirudisha ni kuipeleka tena /tmp, `sysupgrade -r /tmp/nakala.tar.gz`, na `reboot`. Ya nyumba ile iko kwenye flashi ndogo ndani ya droo ya shangazi, pamoja na karatasi za tokeni za stima, na juu ya ruta kuna kipande cha katoni nilichoandika kwa kalamu nene: USICHOMOE, NIPIGIE. Binamu amechora mstari kwenye NIPIGIE na kuandika uptime ya leo.